Alama Yenye Pacha

Asubuhi ya Jumamosi, kabla maji ya chai hayajachemka, Mama Cherehani alimvua mwanawe shati amwogeshe, akaona shingoni mwake ukanda mwekundu, mrefu kama kidole cha mtu mzima, umetutumka na kujaa malengelenge madogo yenye maji. Akaunyanyua mkono wa mtoto. Karibu na kunjo la kiwiko palikuwa na alama nyingine kama ile, mbichi, imenyooka kana kwamba imepigwa kwa rula. Mtoto, ambaye nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho, alianza kulia kabla alama zenyewe hazijaguswa.

"Nani kamchoma mwanangu?" aliuliza, ingawa chumbani hapakuwa na mtu wa kumjibu.

Jicho lake mwenyewe la kushoto lilikuwa limevimba tangu alfajiri. Alidhani ni chokea, kijipu cha kope, au vumbi la vitambaa vya dukani, akalipuuza. Alitoka uani akiona kwa jicho moja, na jicho hilo moja likatua juu ya pasi.

Ilikuwa pasi ya mkaa, nzito, mali ya wifi yake. Wifi huyo, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa akikaa nao mwaka wa tatu sasa, tangu ndoa yake ilipovunjika. Watoto wote wa ua ule, wa ndani na wa wapangaji wengine, walimwita Shangazi. Alipiga pasi nguo za watu kwenye meza ya barazani: mashati ya walimu, sare za wauguzi, suruali za vijana waliokuwa wakitafuta kazi. Mama Cherehani akiwa dukani anakoshona, Shangazi ndiye aliyembeba Kitinda, akamlisha, akamwogesha, na kumlaza kwenye mkeka hatua mbili kutoka meza ile.

"Wifi, jana ulimwogesha wewe huyu?"

"Mimi. Kwani kuna nini?"

"Na hii ni nini?"

Shangazi aliweka pasi kwenye kigae chake, akainama, akatazama. Uso ulimbadilika. "Masikini mwanangu! Hii jana haikuwapo, wifi. Nimemwogesha saa kumi, mwili ulikuwa mzima."

"Kwa hiyo usiku malaika kashuka na pasi?"

"Sijui. Nakwambia nisichokijua nisije nikakudanganya."

Ua ule ulikuwa na vyumba sita na bomba moja, na siku ya Jumamosi watu wote walikuwa nyumbani. Milango ilifunguka mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza kufika alikuwa mama wa chumba cha tatu, aliyeitwa Redio kwa sababu alitangaza mchana kutwa na hakuhitaji betri. Alimtazama mtoto, akaitazama pasi, akapiga makofi mara moja, taratibu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema.

Labda bila neno hilo mambo yangeishia kwenye ukali wa kawaida. Lakini watu walikuwa wameshakusanyika, na Mama Cherehani aliona kwamba wanangoja mama mwenye uchungu afanye kitu. Akapaza sauti mpaka mtoto akaacha kulia kwa kumshangaa.

"Nimekuwekea paa juu ya kichwa, nimekupa mwanangu umlee kama wako, nawe unamchoma! Wivu huo! Ningejua mapema. Mwanamke asiyezaa hajui moto unavyouma!"

Hata Redio aliinamisha kichwa kidogo. Shangazi alikuwa na shati la mwalimu mmoja mezani, kola imekwisha, mikono bado. Alichukua pasi yake, akamalizia mkono wa kulia, kisha wa kushoto, akalikunja shati, akaliweka juu ya mengine. Ndipo akamwaga makaa kwenye mchanga na kuyamwagia maji.

Mumewe Mama Cherehani alikuwa amesimama mlangoni, bisibisi mkononi. Alikuwa fundi wa friji, na mtaa mzima ulimwita Barafu, kwa ajili ya kazi yake na pia kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Dada yake alimgeukia akamtazama. Ni dada huyu aliyemlipia karo ya ufundi kwa kupiga pasi hiyo hiyo.

"Dada," alisema Barafu, huku akiitazama bisibisi, "labda ungepumzika kidogo kwa rafiki yako yule dobi. Siku mbili tatu tu. Hasira zipoe."

"Zipoe za nani?" aliuliza Shangazi.

Saa tano Shangazi alitoka na kifurushi kichwani, pasi mkononi, na nguo za wateja zikiwa zimefungwa kwenye shuka safi. Binti wa nyumba ile, wa darasa la tano, alimkimbilia hadi mlango wa ua kumsaidia kubeba. Mama yake akamwita arudi.

*

Zahanati walikaa foleni hadi saa nane. Muuguzi alikuwa na wagonjwa hamsini na kiti kimoja. Alimtupia mtoto jicho, akaandika. "Ameungua. Mpakeni hii. Na huyo mnayemwachia mtoto, mwangalieni."

Maneno hayo Mama Cherehani aliyabeba nyumbani kama cheti. Aliyarudia kwa mumewe, akayarudia bombani, na Redio akayachukua kutoka pale akayafikisha mahali ambapo mwenye mtoto asingefika kwa miguu. Kufikia Jumatano, mwalimu mwenye mashati alimtuma mwanafunzi kwa dobi kuchukua nguo zake kabla hazijapigwa pasi. Wauguzi wakafuata. Hakuna aliyesema sababu. Kila mtu alisema tu kwamba kwa sasa atapiga pasi mwenyewe.

Nyumbani kulikuwa na amani ya namna yake. Mama Cherehani alimfunga Kitinda mgongoni akaenda naye dukani, akashona huku akiyumba, na mara mbili alikosea kipimo cha gauni la mteja. Barafu alikula akitazama sahani. Binti naye, jioni moja alipoagizwa kunyoosha sare yake mwenyewe kwa pasi ya kuazima, aliiunguza begani, akakaa chini akalia kuliko inavyostahili sare.

Wiki ya pili, darasa lake lilipelekwa kwenye makumbusho ya viumbe, jengo kubwa la rangi ya majivu nyuma ya ofisi za posta. Walimu walitaka watoto waone mifupa ya nyangumi na mawe yenye alama za majani ya kale. Waliyaona, wakagusa jino la kiboko, wakacheka mbele ya nyani aliyejazwa pamba kwa kuwa alifanana na mwalimu wa hesabu. Mwisho wakaingizwa chumba cha wadudu. Huko alikuwapo mtaalamu mwenyewe, mwanamke mfupi mwenye koti jeupe lenye doa la wino mfukoni. Alimweka mbawakawa mkubwa mwenye pembe kwenye kiganja cha kila aliyethubutu, akasema, "Tulia, msikilize anavyokukwaruza. Anakuuliza wewe ni mti gani."

Kisha akavuta droo nyembamba yenye kifuniko cha kioo. Ndani, kwenye pini, vilipangwa vidudu vyembamba, vyenye urefu wa punje ya mchele, kila kimoja chekundu na cheusi kwa zamu.

"Huyu hatumgusi akiwa hai," alisema. "Haumi, wala hana mwiba. Sumu imo ndani ya mwili wake. Anatoka sana baada ya mvua, anafuata taa. Ukimponda juu ya ngozi, majimaji yake yanaunguza kama umemwagiwa uji wa moto. Na hila yake ni kwamba alama haitokei pale pale. Inatokea kesho yake, au kesho kutwa. Kwa hiyo mtu anaamka ameungua, na hajui nani kamchoma."

Wenzake walipotoka kwenda kunywa maji, binti alibaki ameishika droo.

"Mwanangu, una swali?"

"Mdogo wangu ana alama," alisema. "Shingoni na mkononi. Wanasema ni pasi."

Mtaalamu akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana. "Mkononi sehemu gani?"

"Hapa panapokunjwa."

"Nenda ukawaambie nyumbani waangalie kama alama hiyo ina pacha. Wakunje mkono, waone kama kuna nyingine upande wa pili inayokutana nayo. Na mwambie mama aje Jumamosi. Jumamosi hatutozi kiingilio."

*

Binti aliyasema yote kwa pumzi moja, jioni ile ile, mama yake akiwa anakata pindo. Alisema habari za droo, za rangi nyekundu na nyeusi, za kesho kutwa. Alipofika kwenye neno "kwa hiyo siyo Shangazi", kofi likamshukia.

"Umepelekwa shule usome au ufundishwe kumtetea shangazi yako? Muuguzi hajui, mdudu wa makumbusho ndiye anajua?"

Barafu, aliyekuwa akisafisha mikono kwa mafuta ya taa, aliacha kusugua. Binti hakulia safari hii. Alisema tu, "Wameomba mwangalie kama ina pacha," akatoka nje.

Kesho yake Mama Cherehani alimwogesha Kitinda akiwa peke yake, mlango umefungwa. Alama zilikuwa zimekauka, zimebaki na rangi ya kahawia. Aliuosha mkono, akaufuta. Alijiambia kwamba anaukunja tu ili aufute vizuri.

Kwenye mkono wa juu, jirani na kunjo, palikuwa na ukanda wa pili. Alikuwa ameuona kabla, akauhesabu kuwa ni kuungua kulikoenea. Sasa alikunja kiwiko taratibu, na kanda zile mbili zikaja zikakutana, urefu sawa, umbo sawa, kama midomo ya mtu anayefumba kinywa. Aliukunjua. Akaukunja tena. Mtoto akafikiri ni mchezo, akacheka.

Alikuwa fundi wa nguo. Alijua kitambaa kikikunjwa rangi ikiwa mbichi, doa linahamia upande wa pili. Pasi haifanyi hivyo. Pasi ingechoma upande mmoja tu.

Hakumwambia mtu. Alingoja Jumamosi, na ndani ya siku zile alitumaini jambo ambalo baadaye lilimtia haya kuliko mengine: alitumaini mtaalamu ataitazama alama na kusema hapana, hii ni pasi.

*

Alikuwa amepita mbele ya makumbusho yale miaka kumi na miwili akienda kununua uzi, na hajawahi kuingia. Alidhani ni mahali pa wageni na watu wa vyuo. Alivaa gauni lake zuri, akamfunga mtoto mgongoni, lakini mlinzi wa getini alimtazama shingoni akasema, "Mafundi wa sare za wafanyakazi wanapita mlango wa nyuma, mama."

Akajishika. Utepe wa kupimia ulikuwa bado unaning'inia shingoni. Aliuvua, akausokota ndani ya kiganja. "Nimekuja kuona wadudu," alisema, na sauti ikamtoka ndogo kama ya mwanafunzi aliyechelewa.

Ndani ya chumba cha wadudu palikuwa na meza yenye kibao: LETA ULICHOOKOTA, TUTAKUAMBIA NI NINI. Foleni ilikuwa ndefu. Bibi mmoja alikuwa na kopo la viwavi waliokuwa wakimaliza maharage yake. Vijana wawili walibeba ngozi ya nyoka kwenye gazeti, wakibishana kama nyoka mwenyewe ana vichwa viwili. Mtaalamu aliinyoosha mezani, akawaonyesha palipokuwa na macho.

"Kichwa kimoja. Hii ni soksi yake tu, kaivua imembana. Yeye mwenyewe yuko mzima, na anakula panya wenu bure. Msimtafute."

Watu wakacheka. Mama Cherehani naye angecheka siku nyingine. Zamu yake ilipofika alimteremsha mtoto, akaukunjua mkono bila kusema neno.

Mtaalamu hakuchukua muda. Aliukunja mkono, akaukunjua. Kisha badala ya kumtazama mtoto, akamtazama mama, chini ya jicho la kushoto, ambako palikuwa na doa la kahawia lililobaki baada ya uvimbe.

"Na wewe alikupata," alisema. "Jicho hili liliuma lini?"

"Wakati huo huo. Siku ile ile. Nilidhani chokea."

"Siku mbili kabla ya alama, jioni, taa ikiwaka. Hukuona kadudu juu ya mtoto?"

Alikuwa karibu kusema hapana, ndipo akaiona Alhamisi ile. Mvua ilikuwa imenyesha mchana. Alikuwa ameketi kitandani chini ya taa akimnyonyesha, mkono wa mtoto umekunjwa hadi shingoni mwake. Kitu chembamba kilitembea kwenye kiwiko kuelekea shingo. Hata hakukitazama. Alikibana kwa kidole gumba, akakivuta mpaka shingoni kukifuta, akapangusa kidole kwenye kanga. Halafu, kwa usingizi, akalifikicha jicho.

"Alipondwa," alisema.

"Nani alimponda?"

Nyuma yake foleni ilikuwa imesogea karibu. Watu wanapenda kusikia habari za ugonjwa wa mtu mwingine.

"Mimi."

Mtaalamu alitikisa kichwa bila ukali. "Kila mtu angefanya hivyo, mama. Kila baada ya mvua wananijia. Siku nyingine mpulize tu, aende zake. Na kama umemponda, osha haraka kwa sabuni na maji mengi." Akachukua kalamu, akaandika kwenye daftari lake kubwa tarehe na umri wa mtoto. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu, "Mlimdhania nani?"

Mama Cherehani alimfunga mtoto mgongoni. Alikaza fundo, akalikaza tena.

"Hakuna mtu," alisema.

"Afadhali. Wengine hufika hapa wameshampiga mtu."

Alitoka mle haraka, akawapita nyangumi na nyani, akapita kwa mlinzi bila kumtazama. Barabarani ndipo alipogundua kwamba ameusokota utepe mpaka umeacha chapa kwenye kiganja.

*

Alimweleza mumewe usiku huo kwa sentensi nne. Barafu alisikiliza, akasema, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Sikujua habari za mdudu. Nilijua dada yangu hawezi."

"Na hukusema."

"Sikusema," alikubali.

Jumapili walikwenda pamoja kwa dobi. Walinunua sukari kilo mbili kwa kuwa hawakujua mtu anayeomba radhi kwa jambo kama lile hubeba nini. Kwenye uzio Barafu alisimama kufunga kamba za viatu, na viatu vyake havikuwa na kamba. Mama Cherehani akaingia peke yake.

Shangazi alikuwa ameinama kwenye beseni, anafua shuka za nyumba ya wageni. Pasi ilikuwa dirishani, baridi. Mikono yake, iliyozoea ukavu, ilikuwa imekunjamana kwa maji. Hakusimama. Alimsikiliza wifi yake mpaka mwisho, habari ya droo, ya pacha, ya Alhamisi, huku akikamua shuka moja ambayo ilikuwa haina tena maji ya kutoa.

"Kitinda hajambo?" aliuliza.

"Hajambo. Anakutafuta."

"Umekuja peke yako?"

"Ndiyo. Yaani, na yeye yuko hapo nje."

"Namwona miguu. Mwambie mdogo wangu asijichoshe kusimama." Akaitandaza shuka kwenye kamba. "Umeniletea sukari."

"Ni kidogo tu, wifi. Nisamehe. Nilipitiwa na hasira."

"Iache, wa hapa watakunywa chai." Alifuta mikono. "Sikiliza, mke wa mdogo wangu. Kuhusu pasi sina neno. Mtoto kaungua, umeona pasi, umefikiri pasi. Hata mimi ningefikiri. Lakini lile la pili halikuhusu pasi. Lile hukuliokota pale. Ulikuwa nalo. Mwaka wa tatu unanipa sahani ya chakula, nawe unalo."

Mama Cherehani alijaribu kusema halikuwa hivyo, akashindwa, kwa sababu lilikuwa hivyo.

"Na ulilisema mbele ya vyumba sita," Shangazi aliendelea. "Leo umenifuata kwenye beseni kuninong'oneza. Mimi nitakuitikia nini hapa? Nani atasikia? Wanangu wa kupiga pasi, yale mashati, hawasikii." Akatabasamu kidogo, na tabasamu hilo lilikuwa gumu kulitazama. "Nenda, jua limekuwa kali. Mtoto anakungoja nyumbani."

*

Bomba la uani lilitoa maji siku tatu kwa wiki, asubuhi, na Jumatano iliyofuata ndoo zilikuwa zimepangwa kuanzia bombani hadi mlangoni. Mama Cherehani alitoka bila ndoo. Aliegemea ile meza ya barazani, ambayo sasa ilikuwa na masufuria.

"Jamani, nina neno," alisema.

Redio ndiye aliyegeuka kwanza. "Kuna msiba?"

"Hakuna. Ni habari ya mwanangu. Hakuchomwa na pasi. Ni mdudu." Akaeleza. Alieleza vibaya, alianza na makumbusho, akarudi kwenye mvua, akasahau kutaja taa. Watu walitazamana.

"Mdudu?" alisema Redio. "Mdudu mwenye pasi?"

Kicheko kikapita kwenye foleni. Kijana wa chumba cha tano akasema yeye anataka wadudu hao kumi, ana suruali nne hazijanyooka. Wakacheka tena. Mama Cherehani alihisi masikio yanawaka. Angeweza kurudi ndani wakati huo, akasema amejaribu. Badala yake alingoja mpaka wakachoka kucheka.

"Cheka, mama, una haki," alimwambia Redio. "Lakini sikilizeni. Mimi ndiye niliyemuunguza mwanangu. Kwa kidole changu hiki. Nikamtukana mtu asiye na kosa, hapa, nanyi mkinisikia. Nilisema mwanamke asiyezaa hajui moto unavyouma." Alilisema lote, polepole, na lilitoka baya kuliko mara ya kwanza kwa sababu sasa halikuwa na hasira ya kujifunika. "Huyo asiyezaa ndiye aliyenilelea wanangu wawili. Watoto wenu pia aliwaosha pua. Kila mlichosikia kutoka kwangu kuhusu mkono wake, kilikuwa uongo wangu. Mkirudia, rudieni na hilo."

Ndoo iliyokuwa chini ya bomba ilijaa, ikafurika, maji yakaanza kutembea uani, na hakuna aliyelifunga bomba.

Barafu alitoka ndani. Watu walidhani anakuja kumchukua mkewe. Alisimama karibu naye, mikono mitupu, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie ua ule sauti yake ikafika chumba cha sita.

"Na mimi nilijua dada yangu hawezi kufanya vile. Nikanyamaza. Huyu mke wangu alisema kwa kutojua. Mimi nilinyamaza kwa kujua. Basi mkihesabu, anzeni na mimi."

Karani mstaafu wa chumba cha kwanza alikwenda akafunga bomba. "Tumesikia," alisema. Kisha, kwa kuwa mtu lazima aseme kitu, akaongeza, "Foleni iendelee."

Redio alichukua ndoo yake akaingia nayo ndani ikiwa imejaa nusu tu. Jioni ile alionekana akienda upande wa kwa dobi, na kwapani alikuwa na magauni yake matatu.

*

Si wote waliofanya kama Redio. Mwalimu alirudisha mashati, wauguzi hawakurudi. Shangazi aliwasha pasi tena, lakini palepale kwa dobi, na alipoulizwa lini anarudi nyumbani alisema amelipia chumba mpaka mwisho wa mwaka. Haikuwa kweli, na kila aliyeuliza alijua.

Binti ndiye aliyekwenda kumwomba jambo dogo. Alimwomba wakamwone huyo mdudu. Shangazi alifikiri, akasema atakuja Jumamosi, saa nne, atakutana nao getini.

Aliwakuta watatu: binti, Kitinda, na mama yao aliyesimama hatua mbili nyuma kama mtu asiye na hakika kwamba amealikwa. Kitinda alimwona Shangazi, akajitupa kwa mwili mzima, karibu ateleze mgongoni. Shangazi akampokea. Akambeba mpaka chumba cha wadudu.

Mtaalamu alimkumbuka binti. "Huyu ndiye Shangazi yangu," binti alimwambia, kwa fahari. Mtaalamu aliwatazama wanawake wale wawili, mmoja kisha mwingine, na Mama Cherehani aliona kwamba amekumbuka jibu la siku ile. Mtaalamu alivuta droo tu.

"Uliniuliza tulimdhania nani," alisema Mama Cherehani. Palikuwa na watu wengine, baba mmoja na watoto wake, na wasichana wa chuo wenye madaftari. "Nilikuambia hakuna mtu. Tulimdhania huyu."

Shangazi alijifanya hakusikia. Alimpa binti amshike mtoto, akachukua kioo cha kukuzia, akainama juu ya droo. Alikaa hivyo muda mrefu. Wasichana wa chuo walimaliza kuandika wakaondoka.

"Kadogo hivi," alisema hatimaye. "Na kazuri. Ona kiuno kinavyong'aa."

"Ndiyo, ni mzuri," alisema mtaalamu. "Mashambani ni rafiki. Anakula wadudu waharibifu wa mimea."

"Kwa hiyo alikuwa anapita tu, kwenye shughuli zake."

"Anapita tu."

"Hakumfanya mtu kitu," alisema Shangazi. "Alipondwa."

Alimpa wifi yake kioo naye atazame. Mama Cherehani akakipokea, akainama, na hakunyanyua kichwa mpaka mtaalamu alipohitaji droo kwa wageni wengine.

Getini Shangazi alimfunga Kitinda mgongoni mwa mama yake mwenyewe, akakaza kanga na kuivuta ili mtoto asibanwe mapaja. Binti akauliza kama Jumamosi ijayo watakuja tena kuona vipepeo.

"Nina nguo za watu," alisema Shangazi. Akafikiri. "Labda alasiri."

Alimpapasa binti kichwani, akavuka barabara kuelekea kwa dobi. Mama Cherehani alitamani kumwita. Alikuwa na jina la kumwita, wifi, alilolitumia kila siku kwa miaka mitatu. Lilimfika midomoni, akaona bado hana haki nalo, akalimeza, akasimama pale na mtoto mgongoni mpaka mwenzake alipokata kona.